Ivan Pavlov: Mzee wa Mbwa na Sauti

Chama chetu cha Kiswahili kilipotangaza kwamba kila mwandishi achague mtu mashuhuri wa zamani, nilijua fika kwamba wenzangu watakimbilia wafalme, wapigania uhuru na waimbaji. Mimi nimemchagua mzee mmoja wa Urusi mwenye ndevu nyeupe, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu matone ya mate ya mbwa. Najua kuna watakaocheka. Chekeni tu, kicheko hakina ushuru, lakini someni hadi mwisho.

Jina lake ni Ivan Petrovich Pavlov. Wanaosoma Biolojia wanamfahamu kwa sentensi mbili tatu: mbwa alipewa chakula, kengele ikalia, mate yakatoka. Basi! Mwalimu anafuta ubao na kuendelea na mada nyingine. Hata huko bwenini, mtu akiitwa mbwa wa Pavlov anajua ametukanwa, yaani yeye ni mtu wa kufuata kelele bila kufikiri. Mimi naona sentensi hizo tatu zimempunja mzee huyu, zimewapunja mbwa wake, na zimetuficha jambo la ajabu aliloligundua kuhusu sauti na mwili.

Pavlov alizaliwa tarehe 26 Septemba 1849 katika mji wa Ryazan, kusini-mashariki mwa Moscow. Baba yake, Pyotr, alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiothodoksi, na Ivan alikuwa kifungua mimba katika nyumba yenye watoto wengi, ambao baadhi yao walifariki wangali wadogo. Akiwa bado mtoto, Ivan alianguka kutoka mahali pa juu akagonga sakafu ya mawe, akaumia vibaya sana. Ilichukua muda mrefu kupata nafuu, na godfatha wake, aliyekuwa mkuu wa nyumba ya watawa, akamchukua akamlea huko. Kwa sababu hiyo alianza shule akiwa na umri wa miaka 11. Wale mnaodhani mtu akichelewa kuanza shule mambo yake yamekwisha, hapo mmesikia wenyewe.

Ilitarajiwa kwamba atakuwa kasisi kama babake, kwa hivyo akapelekwa seminari mjini Ryazan. Lakini miaka ile vijana wa Urusi walikuwa wameshikwa na homa ya sayansi. Kulikuwa na kitabu cha mwanasayansi aitwaye Ivan Sechenov, kilichotoka mwaka wa 1863, ambacho kilieleza kazi za ubongo kwa njia ya rifleksi, yaani mwitiko wa mwili unaotokea wenyewe mtu anapoguswa na jambo fulani, kama vile unavyovuta mkono ukigusa sufuria ya moto. Kijana Pavlov alikisoma kitabu hicho na hakikumtoka akilini. Mwaka wa 1870 akaiacha seminari kabla ya kumaliza, akaenda St. Petersburg kusomea sayansi. Alimaliza chuo kikuu mwaka wa 1875, akapata shahada ya udaktari wa tiba mwaka wa 1879, kisha kati ya 1884 na 1886 akaenda Ujerumani kujifunza zaidi kwa mabingwa wa huko.

Msidhani mambo yalimnyookea. Mwaka wa 1881 alimwoa Serafima Karchevskaya, na miaka yao ya kwanza ilikuwa ya dhiki tupu. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mdogo. Pavlov alikuwa daktari mwenye elimu kubwa na mfuko mtupu, mpaka mwaka wa 1890 alipofanywa profesa katika Chuo cha Tiba cha Jeshi. Mwaka uliofuata alipewa kitengo cha kuongoza katika Taasisi ya Tiba ya Majaribio, papo hapo St. Petersburg. Hapo ndipo mbwa walipoingia kwa wingi.

Jambo alilotaka kujua mwanzoni halikuwa na uhusiano wowote na sauti. Alitaka kujua chakula kinavyosagwa tumboni. Pavlov alikuwa mpasuaji hodari, mwenye uwezo wa kutumia mikono yote miwili, na badala ya kumpasua mnyama, kumtazama na kumwacha afe, kama wengi walivyofanya wakati ule, yeye alimfanyia upasuaji, akamtibu hadi apone, kisha akamchunguza kwa miezi na hata miaka akiwa hai na mwenye nguvu. Mmoja wa mbwa hao aliitwa Druzhok, jina lenye maana ya rafiki mdogo. Alitengewa kijifuko kutoka kwenye tumbo lake ili maji ya tumboni yatoke nje yakiwa safi bila kuchanganyika na chakula. Mbwa wengine walikatwa umio, hivyo wakila, chakula kinaangukia nje, hakifiki tumboni. Lakini tumbo lilitoa maji yake vilevile, kana kwamba chakula kimefika! Maji hayo yalikusanywa, yakasafishwa na kuuzwa kama dawa kwa watu wenye matatizo ya tumbo. Naam, wagonjwa waliyanywa, na maabara ikapata pesa.

Hapa lazima niseme ninavyoona mimi. Mbwa hawa waliteseka. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali, na walioishi miaka mingi waliishi na matundu mwilini. Pavlov mwenyewe hakuwa mkatili wa kupenda ukatili, na aliwajua mbwa wake kwa majina na tabia, lakini kisu ni kisu. Kazi hiyo ilimletea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904, na akawa Mrusi wa kwanza kuipata. Kumbuka, msomaji, tuzo ilikuwa ya mambo ya tumbo. Wengi hudhani alituzwa kwa ajili ya mbwa na kengele, kumbe sivyo.

Basi hii habari ya sauti ilianzia wapi? Ilianzia kwenye usumbufu. Katika maabara ile, tezi za mate za mbwa zilichunguzwa pia. Mfereji mmoja wa tezi ulitolewa nje ya shavu kwa upasuaji mdogo, ili mate yadondoke katika kichupa na kuhesabiwa tone kwa tone. Ilijulikana kwamba chakula kikitiwa mdomoni mate yatatoka. Tatizo ni kwamba mbwa waliokaa maabara kwa muda walianza kutoa mate kabla ya chakula kufika. Walitoa mate wakiona bakuli. Walitoa mate wakimwona mtu anayewalisha. Walitoa mate wakisikia hatua zake tu mlangoni! Kwa mtu anayetaka vipimo safi, huo ulikuwa uharibifu. Wengi wangekasirika na kutafuta namna ya kuwazuia mbwa wasisikie. Pavlov naye, baada ya kusitasita, aliamua kwamba uharibifu wenyewe ndio utafiti.

Kuamua hivyo hakukuwa rahisi. Baadhi ya wasaidizi wake walieleza jambo hilo kwa kusema kwamba mbwa anawaza, anatamani, anakumbuka. Pavlov akakataa. Alisema kwamba hakuna anayeweza kuingia ndani ya kichwa cha mbwa kuona anachowaza, bali kila mtu anaweza kuhesabu matone. Akawakataza watu wa maabara yake kutumia maneno ya namna hiyo kazini. Msaidizi wake mmoja, Ivan Tolochinov, alifanya majaribio ya mwanzo na kuyatangaza mwaka wa 1902 katika mkutano wa wanasayansi mjini Helsinki, na mwaka wa 1903 Pavlov mwenyewe akaieleza dunia ya tiba katika kongamano la Madrid. Waliita mwitiko huu rifleksi ya masharti, maana hauzaliwi na mnyama. Hutokea kwa sharti kwamba amejifunza.

Sasa tufike kwenye kengele. Jamani, hiyo kengele ilitumika mara chache sana! Chombo kilichofanya kazi kubwa ni metronomi, kile kidude cha walimu wa muziki kinachopiga tik, tak, tik, tak kupimia mwendo wa wimbo. Walitumia pia filimbi, kinanda, vidude vya kuvuma, mlio wa maji yanayobubujika, na hata vitu visivyo sauti kama taa na mguso wa ngozi. Lakini metronomi ilipendwa kwa sababu inaweza kupangwa ipige mara kadhaa kamili kwa dakika, na sayansi inapenda kitu kinachopimika.

Jaribio lilikwenda hivi. Mbwa mwenye njaa anasimamishwa juu ya meza, amefungwa mikanda taratibu asiondoke. Metronomi inaanza kupiga. Mara ya kwanza mbwa anainua masikio, anageuza kichwa, anatazama kunakotoka mlio. Mate hayatoki hata tone. Pavlov aliona kwamba hata huko kuinua masikio ni rifleksi kamili, mwili kujiuliza kuna nini pale. Muda mfupi baada ya mlio kuanza, chakula kinaletwa. Siku nyingine vivyo hivyo, na nyingine tena. Baada ya mara kadhaa, mlio unapigwa peke yake bila chakula. Katika mhadhara mmoja Pavlov alieleza matokeo ya mbwa wake: sekunde 9 baada ya metronomi kuanza, mate yakaanza kutoka, na kwa muda wa sekunde 45 yakahesabiwa matone 11. Hakukuwa na chakula mdomoni, wala harufu yake. Kulikuwa na mlio tu.

Hebu tulia kidogo ulifikirie jambo hilo. Mlio wa metronomi hauna ladha. Hauna uhusiano wowote na nyama. Ni hewa inayotikisika. Inaingia sikioni, inatikisa kiwambo, inapita kwenye vijifupa hadi sikio la ndani, inageuka kuwa ujumbe katika neva, na ujumbe ule ukifika kwenye ubongo unakuta njia mpya imefunguliwa kuelekea kwenye tezi za mate. Njia hiyo haikuwepo juma lililopita! Wewe unayesoma hapa unaijua vizuri. Saa ya chakula cha mchana kengele ikilia, githeri bado imo jikoni ndani ya sufuria, lakini mdomo wako tayari umelowa. Hukuamua. Mwili umejibu wenyewe.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi mwili unavyojali wakati. Mlio ukitangulia na chakula kikafuata, mbwa anajifunza upesi. Chakula kikitangulia na mlio ukaja nyuma, mlio haugeuki kuwa ishara ya chakula, hata ukirudiwa sana. Yaani sauti inapata nguvu kwa sababu inatangaza kitu kinachokuja. Tena mbwa akizoeshwa kwamba mlio utaendelea kwa dakika 3 ndipo chakula kije, atajifunza kungoja. Mate hayatoki dakika ya kwanza; yanakuja karibu na mwisho, kana kwamba tezi zina saa yake. Na mlio ukipigwa mara nyingi bila chakula kuletwa, matone hupungua na kupungua mpaka yanakwisha kabisa. Lakini ukimpumzisha mbwa kwa muda kisha ukapiga tena, mate hurudi. Kwa hiyo mwili haukuwa umesahau. Ulikuwa umejizuia tu. Pavlov alilitilia jambo hili mkazo sana: kutotoa mate nako ni kazi ya ubongo.

Halafu kuna habari ya kubagua sauti. Mbwa aliyezoea kupata chakula metronomi ikipiga mara 100 kwa dakika alifundishwa kwamba mapigo mengine hayaleti kitu. Waliendelea kuyasogeza mapigo karibu karibu, na mbwa akaweza kutofautisha mapigo 100 na mapigo 104, au 96. Mimi nawaomba wanakwaya wetu wajaribu! Mbwa waliweza pia kutofautisha noti nne zilezile zikipigwa kwa kupanda na zikipigwa kwa kushuka. Kwa hiyo anayemwita mwenziwe mbwa wa Pavlov akidhani anamwita mjinga, ajue kwamba mbwa wale walikuwa na masikio ya kuchambua kuliko ya wengi wetu.

Ili kujua ni wapi katika ubongo kazi hiyo inafanyika, waliondoa sehemu za ganda la ubongo wa mbwa zilizo upande wa masikio. Mbwa aliyefanyiwa hivyo hakuwa kiziwi. Aliinua masikio aliposikia mlio, na aliweza kujifunza tena sauti moja moja. Kilichopotea ni kutambua sauti zilizopangwa pamoja. Ukimwita kwa jina lake, sauti anaisikia lakini jina halitambui. Kusikia ni jambo moja na kuelewa kilichosikika ni jambo lingine, na mambo hayo mawili hayakai mahali pamoja kichwani.

Kadiri kazi ilivyokuwa nyeti ndivyo kelele za dunia zilivyokuwa adui. Gari la farasi likipita barabarani, mlango ukigongwa, mgeni akikohoa, mbwa anageuza kichwa na mate yanakatika. Kuna wakati msaidizi alimwita Pavlov aje aone rifleksi mpya nzuri, na mara tu Pavlov alipoingia chumbani rifleksi ikatoweka, kwa sababu mbwa alikuwa ameshughulika kumtazama yeye. Basi kuanzia mwaka wa 1910 hivi, likaanza kujengwa jengo la pekee katika taasisi ile kwa msaada wa chama kimoja cha kusaidia sayansi. Kuta zilikuwa nene, na jengo likazungushiwa handaki ili mitikisiko ya mji isipenye. Vyumba vya mbwa vilitengwa na vyumba vya watafiti. Mtu alikaa upande wa pili wa ukuta, akapiga sauti, akaleta chakula kwa mitambo na kuhesabu matone bila mbwa kumwona. Watu waliliita Mnara wa Ukimya. Mimi nalipenda jina hilo.

Majaribio hayakuishia kwa mbwa. Daktari wa watoto aitwaye Nikolai Krasnogorsky, aliyefuata njia ya Pavlov, alianza mwaka wa 1907 kuchunguza rifleksi za masharti kwa watoto. Wao pia waliposikia sauti iliyozoeleka kutangulia chakula, mdomo ulijiandaa. Matokeo yalikuwa muhimu, lakini leo mtafiti angeulizwa maswali mazito kabla ya kumgusa mtoto: wazazi wamekubali? Mtoto atapata madhara? Maswali hayo hayakuulizwa kwa mbwa, na zamani zile hata kwa binadamu hayakuulizwa inavyopasa.

Ukaja mwaka wa 1917 na mapinduzi ya Urusi, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe na njaa. Mji wenyewe ulikuwa umebadilishwa jina ukaitwa Petrograd. Watu walikosa chakula, sembuse mbwa! Mbwa wengi wa maabara walikufa njaa, na Pavlov, mshindi wa Nobel, alilima mboga ili familia yake ile. Mwaka wa 1920 aliomba ruhusa ya kuhama nchi. Serikali haikutaka kumpoteza. Tarehe 24 Januari 1921 Lenin alitia saini amri ya kumpa Pavlov na wasaidizi wake mazingira mema ya kazi na chakula cha ziada kwa familia yake. Wengine wangenyamaza wakala. Yeye hakunyamaza. Aliendelea kuwakosoa watawala hadharani, na mwaka wa 1924, watoto wa makasisi walipofukuzwa katika Chuo cha Tiba cha Jeshi, alijiuzulu uprofesa wake huko, kwa kuwa yeye pia ni mtoto wa kasisi. Na mtu asidhani ng'ambo alikuta pepo: mwaka wa 1923 alipotembelea Marekani, wezi walimwibia pesa zake ndani ya treni mjini New York.

Tarehe 23 Septemba 1924 mto Neva ulifurika. Mji ulikuwa umebadilishwa jina tena, sasa ni Leningrad. Maji yaliingia katika vibanda vya mbwa, yakapanda mpaka mbwa wakawa wanaogelea vichwa vikiwa juu kabisa karibu na dari. Wafanyakazi waliwaokoa mmoja mmoja kwa kuwaogelesha hadi kwenye jengo kuu, huku upepo ukivuma na miti ikianguka. Mbwa wengi waliokolewa. Lakini waliporudishwa kwenye majaribio, baadhi yao walikuwa si mbwa walewale. Rifleksi zilizojengwa kwa miezi zilikuwa zimefutika. Sauti kali, ambazo zamani ndizo zilizotoa mate mengi zaidi, sasa ziliwavuruga. Mmoja alikataa hata chakula chenyewe akiwa peke yake chumbani.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, Pavlov alipojifunza jambo ambalo matone peke yake yasingemwambia. Waligundua kwamba mtafiti akiacha kujificha nyuma ya ukuta na kwenda kukaa ndani ya chumba pamoja na mbwa, rifleksi zinarudi. Mbwa alihitaji mtu karibu! Ule Mnara wa Ukimya, uliojengwa ili kumtenga mnyama na kila kitu, sasa ulikuwa unamuumiza. Polepole mbwa yule alipona. Kisha siku moja wakaachia maji kidogo yapenye chini ya mlango, kijito chembamba kisicho na kishindo, nayo ikatosha. Mbwa alihangaika, na rifleksi zikapotea upya. Maji yale hayakuwa na hatari yoyote kwake, lakini mwili wake ulikuwa umeshajifunza yanatangaza nini. Kuanzia hapo Pavlov alitumia muda mwingi kufikiria magonjwa ya akili ya binadamu na jinsi mshtuko mkubwa unavyoweza kumwachia mtu alama, na katika uzee wake akawa anakwenda hospitalini kuwatazama wagonjwa.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya heshima kubwa. Serikali ilimjengea kijiji cha sayansi huko Koltushi, nje ya Leningrad. Mwaka wa 1935, katika uwanja wa taasisi yake, ilisimamishwa sanamu ya mbwa, na Agosti mwaka huohuo wataalamu wa dunia wa utendakazi wa mwili walikutana Leningrad na kumtukuza kama mkuu wao. Tarehe 27 Februari 1936 Pavlov alifariki kwa nimonia akiwa na umri wa miaka 86. Akazikwa katika makaburi ya Volkovo.

Wapo watakaouliza, haya yote yamemsaidia nani hospitalini? Nitataja moja tu. Mtoto wa miezi minane hawezi kusema kama anasikia au hasikii. Ukimuuliza atakutazama tu. Basi katika kliniki za masikio, mtoto huketishwa kwenye mapaja ya mamake, na sauti hutolewa kutoka kipaza sauti kilicho kando. Sauti ikitoka, mwanasesere aliye upande huohuo anawaka taa na kucheza. Mtoto anageuka na kufurahi. Baada ya mara chache, sauti inatolewa kwanza na taa inacheleweshwa kidogo, na mtoto anageuka mwenyewe kumtafuta mwanasesere. Sasa mpimaji anaipunguza sauti, kidogo kidogo, mara nyororo, mara kali, na kila mtoto anapogeuka anapewa mwanasesere wake. Anapoacha kugeuka, mpimaji huandika kiwango. Mama hajui habari za Ryazan wala za metronomi, lakini anaondoka akiwa na karatasi inayomwambia kama mwanawe anasikia, na kama hasikii, ni sauti za namna gani zinazompita.